SOMO LA UFUNDI KWA VYAMA: MASIKIO YA CHUMA YANAYOZUIA MABOMBA KUCHOMOKA

Somo hili lawahusu makatibu wa vyama, wajumbe wa bodi na wanachama wote ambao chama chao kina mtambo wa kumenya kahawa, josho, kisima au mradi wowote unaotumia maji ya bomba. Hapana shaka baadhi ya wasomaji watauliza: katibu ana kazi gani na ulehemu? Jibu ni kwamba katibu ndiye aandikaye hati ya malipo ya fundi. Asiyejua analolipia hawezi kujua kama amelipia kazi au amelipia balaa.

Hapa kwetu Iyunga, na kote katika nyanda za Mbeya, Rungwe na Mbozi, mitambo mingi ya kumenya kahawa hupata maji kwa mteremko. Maji hutegwa juu mlimani na kushushwa kwa bomba hadi kiwandani. Mteremko ni neema, kwa kuwa hauhitaji mafuta wala umeme. Lakini neema hiyo ina nguvu, na nguvu isiyofungwa barabara hutafuta pa kutokea. Buni mbivu zilizochumwa leo hazina budi kumenywa leo. Bomba likichomoka mwezi wa Julai, kahawa ya wakulima huchacha mifukoni, daraja hushuka, na hasara humwangukia kila mwanachama.

1. Nguvu inayosukuma ncha za bomba

Maji yaliyomo ndani ya bomba husukuma pande zote. Yasukumapo kuta, bomba lenyewe huzuia. Lakini mahali bomba linapokata kona, linapogawanyika, linapokoma, au penye vali iliyofungwa, maji husukuma kuelekea mbele kama mtu anayesukuma mlango. Nguvu hiyo hufuata urefu wa bomba, na kazi yake ni kuvitenganisha vipande viwili vilivyounganishwa.

Kuipima si jambo gumu. Kwanza tafuta kimo cha maji, yaani tofauti ya mwinuko kati ya tangi la juu na kiungio. Kila meta 10 za kimo huleta kanieneo ya karibu kilo 1 kwa kila sentimeta moja ya mraba. Meta 60 ni kilo 6. Pili, tafuta eneo la mduara wa bomba: kipenyo mara kipenyo mara 0.785. Kwa viungio vya kola vinavyozibwa kwa mpira, tumia kipenyo cha nje, kwa sababu maji hufika hadi kwenye mpira uliokaa juu ya mgongo wa bomba. Tatu, zidisha kanieneo kwa eneo.

Mathalani, bomba la chuma la inchi 6 lina kipenyo cha nje cha sentimeta 16.8 hivi. Eneo lake ni 16.8 mara 16.8 mara 0.785, sawa na sentimeta za mraba 222. Kwa kimo cha meta 60, nguvu ni 222 mara 6, yaani kilo 1,332. Huo ni uzito wa magunia zaidi ya kumi na matatu ya kilo mia, ukivuta kiungio kimoja usiku na mchana.

Tena hesabu haiishii hapo. Vali ikifungwa ghafula, maji yaliyokuwa mbioni hugonga kama nyundo. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda kwa mwendo wa meta 1 kwa sekunde yakisimamishwa papo hapo yaweza kuongeza kanieneo inayolingana na kimo cha zaidi ya meta 100. Kwa hiyo tunafanya mambo mawili kwa pamoja: tunaamuru vali ifungwe polepole, na tunaweka akiba katika hesabu. Katika mfano wetu tuongeze kilo 4 juu ya zile 6, tupate kilo 10 kwa sentimeta ya mraba. Nguvu ya kubuniwa sasa ni kilo 2,220.

Kwenye kona nguvu hubadilika. Kona ya mraba, ya nyuzi 90, husukumwa nje kwa mara 1.41 ya nguvu hiyo, yaani kilo 3,130 hivi. Kona ya nyuzi 45 husukumwa kwa robo tatu na kidogo, kama kilo 1,700. Ndiyo sababu bomba refu lililonyooka hutulia miaka mingi, hali kona yake huchomoka msimu wa kwanza.

2. Viungio vinavyojizuia na visivyojizuia

Si kila kiungio kinahitaji masikio. Mabomba ya chuma yaliyochomelewa ncha kwa ncha, na yale yaliyofungwa kwa flanji na bolti, huipitisha nguvu ndani ya chuma chenyewe. Mfano mkubwa tunao nyumbani. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, nalo hupita katika nyanda zetu za Iringa na Mbeya. Bomba hilo limechomelewa kipande kwa kipande, na ukuta wake ndio unaobeba mvuto.

Lakini katika mitambo midogo tunahitaji mahali pa kufungulia bomba ili kutengeneza pampu au vali. Hapo mafundi huweka kola ya chuma yenye pete mbili za mpira. Kola hiyo ni nzuri sana: huvumilia bomba lisilonyooka sawasawa, hupokea mtikisiko wa pampu na huziba maji vizuri. Kasoro yake ni moja, nayo ndiyo kiini cha somo hili: mpira huzuia maji yasivuje, hauzuii bomba lisichomoke. Wengi huona kiungio kisichovuja wakadhani kiko imara. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Dunia ilipata fundisho chungu juu ya jambo hili huko Flixborough, nchini Uingereza. Kiwanda cha kemikali kiliondoa mtungi mmoja uliopata ufa, kikaunganisha mitungi miwili iliyokuwa kando yake kwa bomba la muda la inchi 20 lenye mikunjo, huku kila ncha ikishikwa na kiungio laini cha mvukuto chenye upana wa inchi 28. Bomba lilisimamishwa juu ya majukwaa ya mabomba ya ujenzi. Tarehe 1 Juni, 1974 mlipuko ulikiteketeza kiwanda na kuwaua watu 28. Tume ya uchunguzi iliona kwamba bomba lile la muda ndilo lililoachia. Ilieleza kuwa hapakufanywa hesabu ya kupima kama bomba na mivukuto vingehimili nguvu, na kwamba mchoro uliokuwapo ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: inchi 28 ni sentimeta 71, eneo lake ni karibu sentimeta za mraba 3,960, na kanieneo ilikuwa kama kilo 8.8. Nguvu hiyo hupita tani 30. Hesabu hiyo yaingia katika karatasi moja.

Chama chetu hakina kemikali zile. Lakini mchoro wa chaki sakafuni, huo tunao katika vyama vingi.

3. Sikio ni nini

Sikio ni kipande cha bamba la chuma kilichochomelewa mgongoni mwa bomba, chenye tundu la kupitishia bolti ndefu. Sikio moja huwa upande huu wa kola, jingine upande wa pili, na bolti huvuka juu ya kola na kuyaunganisha. Nguvu ikitaka kuyatenga mabomba, bolti huivuta na sikio huirudisha katika ukuta wa bomba. Daima ziwe bolti mbili au zaidi, zilizokaa kwa umbali sawa kuzunguka bomba. Bolti moja peke yake hulipinda bomba kama upinde.

Ubunifu una hatua nne, na kila moja ni lazima ipimwe. Mnyororo hukatika penye pete dhaifu.

Hatua ya kwanza ni bolti. Nguvu yetu ya kilo 2,220 ikigawanywa kwa bolti mbili, kila moja hubeba kilo 1,110. Bolti ya milimita 16, ikipimwa penye nyuzi zake, ina eneo la sentimeta za mraba 1.57. Mkazo wake ni 1,110 gawanya kwa 1.57, yaani kilo 707 kwa sentimeta ya mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kunyumbuka bila kurudi kwenye kilo 2,400 hivi, nasi hatupendi kuvuka nusu yake. Bolti hii yafaa.

Hatua ya pili ni mkono wa sikio, na hapa ndipo wengi hukosea. Bolti haigusi mgongo wa bomba. Lazima ipae juu ili iivuke kola. Tuseme imepaa sentimeta 4.5. Basi nguvu ya kilo 1,110 haivuti ulehemu tu, bali huubanjua, kama mtu anayeng'oa msumari kwa nyundo. Nguvu hiyo ya kubanjua ni 1,110 mara 4.5, sawa na kilo-sentimeta 5,000 kwa karibu. Kwa hiyo bolti iwe karibu na bomba kadiri kola inavyoruhusu. Kila sentimeta inayoongezwa bila sababu ni mzigo kwa ulehemu.

Hatua ya tatu ni ulehemu wenyewe. Mshono wa pembeni wenye mguu wa milimita 6 una unene wa kazi wa milimita 4.2 tu, yaani saba ya kumi ya mguu. Tulinganishe masikio mawili.

Sikio la kwanza ni kipande kimoja cha bamba chenye urefu wa sentimeta 4 kufuata bomba, kimechomelewa pande zote mbili. Uwezo wa mishono yake kukinza mbanjuo ni 2 mara 0.42 mara 4 mara 4, gawanya kwa 6, sawa na 2.24. Mkazo ni 5,000 gawanya kwa 2.24, yaani zaidi ya kilo 2,200 kwa sentimeta ya mraba. Kiwango cha salama kwa ulehemu wa kawaida ni kama kilo 1,100. Sikio hili limeshindwa, tena kwa mara mbili.

Sikio la pili lina mbavu mbili zilizosimama sambamba, kila moja ya sentimeta 12, zilizochomelewa pande zote, na bamba la kuvuka lenye tundu la bolti katikati yao. Uwezo wake ni 4 mara 0.42 mara 12 mara 12, gawanya kwa 6, sawa na 40.3. Mkazo ni kilo 124 tu. Ukijumlisha na ule wa kukata, haufiki 150. Sikio hili limefaulu kwa mbali.

Tazama siri iliyofichika hapo. Urefu wa sikio huzidishwa kwa nafsi yake. Ukiuongeza mara tatu, uwezo wa kukinza mbanjuo huongezeka mara tisa. Wala gharama haiongezeki mara tisa. Ni vipande vichache vya bamba na fito chache za kuchomelea.

Hatua ya nne ni ukuta wa bomba. Sikio likibanjuliwa, ncha yake moja huuvuta ukuta nje na ncha ya pili huukandamiza ndani. Sikio la sentimeta 12 hubonyeza kwa kama kilo 625 kila ncha. Lile la sentimeta 4 hubonyeza kwa kama kilo 1,875 mahali padogo. Ulehemu waweza kuwa imara na bado ukuta mwembamba ukabonyea au kupasuka kando ya mshono. Dawa yake ni kuweka kwanza kiraka cha bamba kilichokunjwa kufuata mgongo wa bomba, kikachomelewa mzunguko wote, ndipo sikio likae juu yake. Kwa mabomba makubwa au membamba, huwekwa pete nzima inayolizunguka bomba. Unene wa kiraka na pete uthibitishwe na mhandisi.

4. Tahadhari za kazi

Masikio ya kuchomelea ni ya mabomba ya chuma laini. Bomba la plastiki halichomelewi masikio, na bomba la chuma cha kusubu hupasuka likichomwa ovyo. Hayo hufungwa kwa vibano maalumu au kwa gogo la zege lililoegemea udongo mgumu. Ila gogo la zege nalo lina masharti yake. Udongo wa majivu ya volkano, ulio mwingi katika milima ya Rungwe na Mbeya, ukilowa au ukiwa kwenye mteremko mkali huenda usiweze kuliegemeza. Mahali kama hapo masikio na bolti hutufaa zaidi, kwa sababu hayategemei udongo mbele ya kona.

Bomba lenye zinki likwanguliwe hadi chuma cheupe kionekane kabla ya kuchomelewa. Moshi wa zinki humletea fundi homa, basi kazi ifanyike penye upepo. Baada ya kazi, mahali palipoungua papakwe rangi ya kuzuia kutu, kwani sikio lililoliwa na kutu si lile tulilolipigia hesabu.

Nati zikazwe kwa zamu na kwa usawa, hadi bolti zote zishike. Iliyolegea haibebi kitu. Jirani yake hubeba yake na ya mwenzake. Zisikazwe kupita kiasi hata kuyavuta mabomba yagongane ndani ya kola, kwa maana chuma huhitaji nafasi ya kutanuka: meta 100 za bomba la chuma hurefuka milimita 12 kwa kila nyuzi 10 za joto.

Kabla ya kufukia, bomba lijazwe maji, hewa itolewe, kisha lijaribiwe kwa mara moja na nusu ya kanieneo ya kazi. Katika mfano wetu ni kilo 9. Wakati wa jaribio mtu yeyote asisimame mbele ya kona wala mbele ya ncha iliyozibwa.

5. Kisa cha mlinzi

Katika ukaguzi wa chama kimoja nilikuta katika daftari kwamba mlinzi anakatwa mshahara kila mwezi. Sababu iliyoandikwa ilikuwa "uharibifu wa bomba". Usiku mmoja wa msimu, alipofunga vali ya kiwandani, kola iliyo juu yake iliachia, na kahawa ya siku mbili ikakosa maji. Mkutano ulikubali kwa kauli moja kwamba alifunga kwa nguvu.

Niliomba kuona masikio yaliyong'oka. Yalikuwa vipande vya sentimeta 4, vimechomelewa upande mmoja tu. Bomba lilikuwa la inchi 6 na kimo chake kilikuwa meta 60, kama katika mfano wetu. Mhandisi wa maji alikaa nasi tukapiga hesabu bila ya kuongeza pigo lolote la vali, yaani maji yakiwa yametulia. Kila bolti ilibeba kilo 666. Mbanjuo ulikuwa kilo-sentimeta 3,000. Uwezo wa mshono ulikuwa 1.12. Mkazo ulikuwa kilo 2,680, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha salama. Kwa maneno mengine, kiungio kile kilikuwa na hatia kabla mlinzi hajakigusa. Tena hapakuwa na maagizo yoyote yaliyoandikwa juu ya namna ya kufunga vali. Fundi alikuwa amekwisha kulipwa yote, bila mchoro, bila jaribio, kwa hati yenye maneno mawili: "kuchomelea bomba".

Bodi ilimrudishia mlinzi fedha zake. Lakini tuzingatie kwamba asingerudishiwa kitu kama masikio yale yangekuwa yameuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hesabu ilimtetea mtu ambaye hakuwa na mtetezi katika mkutano. Hilo nalo ni jambo la ushirika.

6. Wajibu wa katibu

Katibu hatakiwi kuwa mhandisi. Anatakiwa kuhakikisha kwamba faili la mradi lina mambo haya kabla ya malipo ya mwisho:

(a) Kimo cha maji, kipenyo cha bomba na unene wa ukuta wake, vilivyopimwa mahali penyewe.

(b) Hesabu ya nguvu katika kila kona, vali na ncha, yenye jina na saini ya aliyeifanya. Mhandisi wa RUWASA wilayani au walimu wa ufundi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wanaweza kuombwa msaada.

(c) Mchoro wa sikio uonyeshao urefu, unene, ukubwa wa mshono na ukubwa wa bolti.

(d) Taarifa ya jaribio la kanieneo, yenye tarehe na mashahidi wawili wa bodi.

(e) Maagizo ya kufunga vali, yaliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili chepesi: zungusha polepole, na mizunguko ya mwisho iwe ya polepole zaidi.

(f) Ratiba ya kukagua nati na kutu kabla ya kila msimu.

Mkataba nao useme kwamba sehemu ya malipo itabaki hadi jaribio lifaulu. Fundi mwema hatakataa, kwa kuwa karatasi hizo humlinda yeye pia.

Maswali ya majadiliano kwa vikundi vya kujifunza

1. Bomba la chama chenu lina kona ngapi na vali ngapi? Kila moja inazuiwa na nini?

2. Bomba lenye kipenyo cha nje cha sentimeta 11.4 lina kimo cha meta 80. Tafuta nguvu inayovuta kiungio, bila pigo la vali. (Jibu: karibu kilo 816.)

3. Sikio la mbavu mbili likipunguzwa kutoka sentimeta 12 hadi 6, uwezo wake wa kukinza mbanjuo hupungua mara ngapi? (Jibu: mara nne.)

4. Hasara ikitokea katika chama chenu, bodi hutafuta kwanza mtu wa kulipa au chanzo cha hasara? Toeni mfano.

Majibu ya swali la kwanza na la nne yaandikwe katika daftari la mikutano, na katibu ayaweke tayari kwa mkaguzi atakapofika.